Jani Lisilo na Kikonyo

Roswitha alipoliinua jani lile kutoka kwenye beseni la maji, mumewe Ottmar alikuwa keshamaliza kipande cha kwanza cha mkate na ananyoosha mkono kuchukua cha pili.

"Acha kwanza," alimwambia.

"Niache nini, mama? Unaninusisha saumu tangu asubuhi, halafu nife njaa?"

"Acha, Ottmar!"

Mzee akaurudisha mkate mezani. Hakuwahi kuisikia sauti ile kwa mkewe.

Kila theluji inapoyeyuka, watu wa kijiji chao hushuka msituni kando ya kijito kuchuma saumu ya dubu, majani mapana mororo yanayonukia kitunguu saumu. Huyakatakata, wakayachanganya na jibini laini na kupaka mkate. Mtoto hufundishwa mapema: chuma jani mojamoja, na kila jani ulifikiche unuse. Maana kwenye unyevu uleule huota ua liitwalo mwali-uchi, yule anayechanua vuli bila hata jani la kujisitiri. Majani yake hutoka wakati huu, nayo huua.

Mwaka huu magoti yalimsumbua Roswitha. Hakuweza kuinama kwa kila jani. Alishika fungu kiganjani akakata kwa kisu, fungu baada ya fungu, mpaka kikapu kikajaa.

Sasa jani lenyewe lilikuwa mkononi mwake. Lilikuwa gumu kidogo, linang'aa juu na chini, tena halina kikonyo, ilhali kila jani la saumu huwa na chake. Mengine mawili yalikuwa yamekumbatiana nalo. Alilifikicha, akanusa. Saumu! Roho ikamtulia. Kisha akanusa mkono wa pili, ambao haukuligusa. Saumu vilevile. Mikono yote ilikuwa imekolea tangu asubuhi. Hata angefikicha gome la mti, angesikia saumu.

Alitoka mbio, magoti na yaume yatakavyo, hadi kwa jirani yao Traudl, aliyekuwa anaanika mashuka.

"Shoga, wewe hukwenda msituni leo. Ninusie hili."

Traudl alilifikicha, akanusa mara mbili. "Nasikia majani tu. Kama nyasi." Akamtazama. "Roswitha, umelitoa wapi?"

"Kwenye saumu. Na Ottmar ameshakula."

Shuka lilianguka matopeni. "Sasa unasimama hapa kufanya nini? Piga simu!"

Mwanamke wa simu ya mambo ya sumu aliongea taratibu, kama anayembembeleza mtoto. "Msimtapishe. Wala msisubiri aumwe, mama. Sumu hii hujificha saa nyingi kabla ya kujionyesha. Gari la wagonjwa linakuja. Chukueni majani na chakula kilichobaki." Hakukata simu mpaka Roswitha alipolisikia gari likipanda kilima. Kila mara alikuwa akimuuliza, "Bado uko nami?"

"Lakini mimi mzima kabisa," alinung'unika Ottmar akivaa koti.

"Hilo ndilo linalonitisha."

Traudl alikuwa ameshakamata sepetu. "Ulikata wapi?"

"Pale msitu unapokutana na malisho, penye mti ulioanguka."

Hospitalini Ottmar alinyweshwa mkaa uliosagwa wa kufyonza sumu, midomo ikawa myeusi. Roswitha alimfuta. Kila mzee alipojikuna tumbo, yeye alihisi kisu kinampita.

Traudl aliingia na viatu vya ndani, matope hadi magotini. Hakukumbuka hata kuvibadilisha. Ndani ya mfuko alikuwa na shina zima, na tunguu lake chini. Daktari, msichana mwenye macho mekundu ya uchovu, alilitambua papo hapo. Akayaweka yale majani matatu kwenye mikato iliyoachwa na kisu shinani, moja baada ya jingine, kama fundi anayeunganisha kitambaa kilichochanika. Matatu yalikaa mahali pake. Mkato wa nne ukabaki mtupu.

"Jani la nne liko wapi?" aliuliza.

Roswitha akalitazama bakuli la jibini walilokuja nalo. Lilikuwa humo ndani, limekatwakatwa.

Ukuta ukamyumbia Roswitha. Daktari akamsogezea kiti, akachuchumaa mbele yake. "Bakuli ni kubwa, amekula kipande kimoja, na mkaa ameunywa mapema. Tutampima damu tena na tena. Zaidi ya hapo siwezi kukuahidi, bibi."

Jua lilipoinama, Ottmar akaanza kutapika. Tumbo likamsokota mpaka akakunjamana kama mtoto. Roswitha alishika beseni kwa mkono mmoja na paji la uso wake kwa mwingine.

"Ni mimi," alimwambia. "Ni mimi niliyekulisha."

"Kisu nilikinoa mimi," Ottmar alihema. "Basi tumeshirikiana. Nyamaza."

Siku iliyofuata Ottmar hakuweza tena kuzungumza. Alilala, uso rangi ya majivu, na Roswitha akawa anahesabu pumzi zake akihofia kila moja kuwa ya mwisho. Hakuondoka kando ya kitanda. Traudl alimletea supu, akakaa naye.

Siku ya tatu daktari aliingia na karatasi ya vipimo, na safari hii hakuchuchumaa. "Damu imetulia. Moyo na figo vinafanya kazi. Amevuka."

Ottmar alifumbua jicho moja. "Umesikia, mama? Nipeleke nyumbani. Ila kupika, napika mimi."

Roswitha alifungua mdomo amjibu, kilio kikamtangulia. Akalaza kichwa kifuani pa mumewe, akausikiliza moyo ule ukipiga, akakataa kuinuka hata muuguzi alipokuja kubadilisha mashuka.