Kipandio cha Kumi na Moja

Gullvi alikuwa na miaka sabini na mitatu, na kwa miaka sitini na miwili hakuwa ameimba mbele ya watu. Jikoni aliimba. Zizini aliimba mpaka ng'ombe wakasahau kutafuna. Lakini kanisani alisimama akichezesha midomo bila kutoa sauti, kwa sababu alipokuwa na miaka kumi na mmoja mpiga kinanda wa siku zile alimwinamia sikioni akamwambia, kwa upole kabisa, "Wewe fungua mdomo tu, mwanangu. Sauti iache nyumbani." Akufukuzaye hakwambii toka. Mtoto alielewa.

Kosa lake lilikuwa sauti moja tu. Katika wimbo wa sifa aliofundishwa na mama yake, mstari wa tatu ulipanda hadi mahali ambapo kinanda hakina kibao: juu kidogo ya cheupe, chini kidogo ya cheusi. Mama yake aliimba hivyo, bibi yake aliimba hivyo, na nusu ya kijiji cha Rävmyra iliimba hivyo kabla kinanda hakijaletwa kuja kuwanyoosha. Sasa wote hao walikuwa makaburini, na wimbo umebaki katika koo la Gullvi peke yake. Hilo ndilo lililomkosesha raha. Kufa hakuogopa; aliogopa kufa nao.

"Jumapili ibada ni huku huku malishoni," binti yake Ylva alimwambia siku ya Ijumaa. "Mchungaji ameuliza kama utaimba. Nimemwambia ndiyo."

"Umemwambia nini?"

"Ndiyo. Na Shoraan atakushikia sauti ya chini. Usinitolee macho, nimeshasema."

Shoraan alikuwa mume wa Ylva, mtu wa Tuva, kule jirani na Wamongolia, na mwaka wa sita sasa akifanya kazi katika kiwanda cha mbao. Huyu alijua kuimba kwa koo kama wanavyoimba wachungaji wa kwao: mtu mmoja, sauti mbili kwa pamoja, chini mngurumo mzito na juu yake mluzi mwembamba. Mara ya kwanza alipoimba hivyo mezani, Gullvi aliuliza kama aitwe daktari. Tena alimwita "Mama", katika nchi ambayo hata waziri mkuu huitwa kwa jina lake tu. Gullvi alijifanya kukereka, lakini siku asipoitwa hivyo alinuna.

Jumamosi wakafanya mazoezi kwenye baraza ya kibanda cha malishoni, vikombe vya kahawa magotini. Mstari wa kwanza ulikwenda vizuri, na wa pili pia. Kwenye wa tatu Gullvi akapanda hadi ile sauti ya mama yake, na mluzi wa Shoraan nao ukapanda, ukafika hapo, ukaruka. Sauti ya mama mkwe ikabaki hewani haina mwenzake.

"Mbona umeruka?"

"Hicho hatukigusi, Mama." Akachora hewani kwa kidole. "Kuimba kwetu ni kama kupanda ngazi. Vipandio vyote vimo, Mungu ameviweka. Lakini cha kumi na moja tunakiruka. Babu yangu akikisikia alikuwa ananirushia kokoto. 'Huyo mbuzi mwenye mafua katoka wapi?'" Akacheka.

Gullvi hakucheka. "Mbuzi," alisema.

"Mama, sikuwa na maana ya wewe..."

"Hapana, hapana. Kunywa kahawa, inapoa."

Mtu wa Rävmyra akikuambia kahawa inapoa, mazungumzo yamekwisha. Ylva, aliyekuwa dirishani, alimvuta mumewe pembeni. "Maisha yangu yote nangoja huyu mwanamke afungue mdomo, wewe unamletea mbuzi!"

"Nimekosa. Mdomo umenitangulia."

Jioni Gullvi alimwona akienda nyuma ya zizi peke yake, kwenye mbu wengi kuliko majani, akadhani amekwenda kununa. Basi na anune. Akaosha vikombe, akaamua: kesho ataimba kama kitabu kinavyotaka, sauti imenyooka, watu wale mkate wao na jibini, warudi makwao salama.

Jumapili walifika watu kama sitini, wakaketi kwenye mabenchi na mablanketi, wakijipiga makofi ya mbu huku mchungaji akihubiri. Mpiga kinanda wa siku hizi, msichana mpole, alikuwa na kinanda kidogo juu ya meza ya kahawa. Kengele za ng'ombe wa jirani zililia nyuma ya uzio. Shoraan akaanza kunguruma, na Gullvi akafungua mdomo.

Mstari wa kwanza. Wa pili. Wa tatu akapanda, na alipofika akainyoosha sauti, ikakaa sawasawa kwenye kibao cheupe. Papo hapo mluzi wa Shoraan ukapanda hadi kipandio cha kumi na moja, ukatulia pale pale.

Sauti mbili zikakwaruzana. Watu wakainua vichwa. Gullvi akageuka: mkwe wake amefumba macho, jasho linamtiririka, anapiga mluzi wa sauti ya mama yake Gullvi, peke yake. Kumbe nyuma ya zizi hakwenda kununa. Katika watu sitini, aliyejua kwamba Shoraan alikuwa sahihi na mkosaji ni Gullvi, alikuwa Gullvi mwenyewe. Alipatwa na aibu, wala si ile ya zamani. Alikuwa amemkana mama yake mbele ya watu, na mtu wa mbali asiyemjua mama huyo hakumkana.

Bado beti mbili. Msichana alikuwa ameshaweka vidole kwenye kinanda amsaidie. Gullvi akamtikisia kichwa. Kwenye mstari wa tatu wa ubeti wa pili alipanda pale anapopajua, si cheupe si cheusi, na mluzi ulikuwa umeshafika unamngoja. Zikashikana. Mgeni njoo, mwenyeji apone, walisema waliosema. Gullvi alisikia furaha ikimpanda kifuani, akaimba ubeti wa mwisho kwa sauti ya zizini, polepole, bila kumwogopa mtu.

Wakati wa kahawa Shoraan alimjia na kikombe. "Leo babu yangu amegeuka kaburini, Mama."

"Na mama yangu amekaa kitako. Waache wagombane wenyewe."

Ylva alikuwa kando anakunja mablanketi, akiimba mstari wa tatu chini kwa chini. Alipofika juu, akainyoosha sauti.

Gullvi akaweka kikombe chini. "Si hapo," alisema. "Juu kidogo. Si sana hivyo. Tena."