Ukisikia Moto, Sema

Nyumbani naitwa Nusukaputi. Jina nilipewa na mjomba siku niliyorudi na sanduku langu, mwaka wa tatu wa udaktari, masomo nimeyatupa njiani. "Daktari nusu, usingizi nusu," akasema. Watu wakacheka. Mimi nikacheka kuliko wote, maana mzaha ukija kwako ni afadhali uupokee mlangoni. Mama peke yake ndiye aliyeendelea kuniita "mwanangu daktari," mbele za watu, bila aibu.

Sasa mwezi wa kumi na nne tangu baba atutoke, mama akasimama mbele ya kioo cha kabati. Akaishika ngozi ya chini ya kidevu kwa vidole viwili, akaivuta, akaiachia.

"Hii shingo si yangu," akasema. "Nataka ikazwe. Kisu sitaki. Wewe daktari, nitafutie mtu."

Siku nyingine ningetania. Lakini tangu mazishi mama hakuwa ametaka kitu. Si chakula, si redio, si dirisha lifunguliwe. Hata kulia hakulia. Alikaa kwenye kiti cha baba, mwili unapungua kama sabuni. Mwezi wa tatu baada ya mazishi nilimtilia chumvi kwenye chai badala ya sukari, utani wangu wa kijinga wa siku zote, nikajua atanirushia kandambili. Akanywa kikombe kizima. "Asante, mwanangu," akasema. Nikakiosha kikombe, nikakirudisha kabatini. Sikuhisi chochote. Nilikiosha tu.

Kwa hiyo shingo ndiyo ilikuwa kitu pekee alichonacho cha kutaka. Nikimwambia aache, anarudi kwenye kiti. Nikimpeleka kwa mbabaishaji, anarudi amebabuka.

Shangazi, dada yake baba, alikuwa na mtu tayari. Shangazi kila jambo ana mtu wake.

"Twendeni kwa Dokta Mnyoosho. Amemkaza jirani yangu mpaka akicheka masikio yanasogea."

Tukaenda. Ilikuwa saluni, na yeye alikuwa nyuma kabisa, ukipita mashine za kukaushia nywele, ukifunua pazia. Kitanda kimoja, na mashine nyeupe yenye umbo la friji dogo, bado ina nailoni yake ya dukani. Dokta Mnyoosho alikuwa na koti jeupe na kucha ndefu.

"Karibu, mama. Ni joto tu, linaingia ndani ya ngozi, ngozi inashtuka, inajikaza. Na hutasikia kitu. Nakupaka ganzi mpaka shingo inakuwa ya mtu mwingine."

"Hata sasa ni ya mtu mwingine," mama akasema, akaanza kufungua vifungo vya kola.

Mimi nilikuwa nasoma karatasi iliyotundikwa ukutani. Fremu ya dhahabu, muhuri mkubwa. Ilisema *amehudhuria*. Haikusema amefuzu. Mafunzo ya siku mbili, yamesainiwa na wauza mashine. Jamani, *amehudhuria* mimi namjua. Ninayo makaratasi yake ya miaka mitatu, yako chini ya godoro.

"Dokta," nikasema, "udaktari umesomea wapi?"

"Kaka, Dokta ni jina la kazi. Wateja ndio walionipa."

"Hata mimi nilipewa. Na mtu akiungua, unafanyaje?"

"Kwangu hajaungua mtu."

"Utajuaje, na wewe umeshampaka ganzi?"

Akamtazama shangazi. Shangazi akanifinya paja. "Nusukaputi, utatuaibisha."

Ningeweza kuleta maneno ya kitabuni, machache ninayoyakumbuka. Nikaona njia ya mkato.

"Mama," nikasema, "huyu ni daktari kama mimi."

Mama akaacha vifungo, akanigeukia. Miaka yote ile ya "mwanangu daktari", kumbe alikuwa anajua.

"Kama wewe kabisa?"

"Kabisa."

Akafunga vifungo, kimoja kimoja. "Basi twende."

Njia nzima shangazi alitangulia hatua kumi mbele yetu.

Siku tatu nilikaa na simu. Kila niliyempigia nilimuuliza yale yale: nani atakayeshika mashine kwa mkono wake, amesajiliwa kwa namba gani, wangapi kawaharibu. Wengi walisema, "Njoo tu, utaona mwenyewe." Mmoja aliniuliza kama mimi ni polisi. Mwanamke mmoja akanipa namba yake ya usajili kabla sijamaliza swali, akasema, "Wawili niliwababua, miaka ya mwanzo. Mlete mama nimwone kwanza. Huenda hii kazi haimfai." Nikapiga simu baraza la madaktari, wakaisoma ile namba, wakataja jina lake. Bingwa wa ngozi. Yumo.

Chumba chake kilikuwa ghorofani, juu ya duka la miwani. Mwanamke mfupi, miwani yake mwenyewe imefungwa uzi pembeni. Akauliza dawa mama anazotumia, kama moyo umewekewa betri, kama ana chuma mwilini, kama kidonda chake hukauka vizuri.

"Na mwili umeanza kupungua lini?"

"Mume wangu alipofariki."

Bingwa akaweka kalamu chini. "Pole, mama." Halafu akaichukua tena. "Utapima sukari na tezi ya shingo. Mwili ukipungua hivi, sitaki kuyasingizia majonzi peke yake. Na nikwambie ukweli: itakaza kidogo. Shingo ya bibi harusi sina."

"Kidogo inatosha," mama akasema.

"Leo najaribu sehemu ndogo tu, nyuma ya sikio. Ganzi sipaki. Kipimo changu ni mdomo wako. Ukisikia moto, sema moto."

Akampaka mafuta baridi, akaanza kuzungusha kichwa cha mashine yake ya joto, taratibu, macho yake kwenye ngozi. Mama alilala kimya kama aliyekaa kwenye kiti cha baba. Mara bingwa akainua mkono. Palikuwa pekundu. Akaweka kitambaa cha baridi, akasubiri, akachungulia.

"Hapajaungua. Mama, hukusikia?"

"Nilisikia."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilidhani ndivyo inavyokuwa."

Bingwa akazima mashine. "Basi tumemaliza. Mtu mvumilivu simtaki kwenye kitanda hiki, atatuunguza mimi na yeye. Niletee majibu ya damu. Na ujifunze kusema, ndipo tutaendelea."

Nilisubiri mama anyong'onyee. Akashuka kitandani, akavaa viatu. "Nimefukuzwa na daktari wa kweli," akaniambia kwenye ngazi. Sikujua kama anatania. Sikuwa nimemsikia akitania tangu mwaka juzi.

Nyumbani nikamchemshia chai, nikammiminia kama kawaida, nikarudi jikoni.

"Moto," akasema.

Nikadhani anafanya mazoezi. Nikachungulia. Kikombe amekisukuma kando.

"Ni moto kweli. Unacheka nini?"

"Sicheki."

"Na ile ya chumvi pia niliisikia."

Nikakaa. "Ipi?"

"Usinifanye mjinga."

"Sasa mbona uliinywa yote?"

Akakitazama kikombe. "Nilidhani ulikuwa unalia kule jikoni, machozi yakadondokea humo. Nikaona nisikuaibishe."

Nikanyoosha mkono, nikakikumbatia kile kikombe kwa viganja vyote viwili, nimpulizie.

"Moto," nikasema.

"Si ndiyo nakwambia," akasema mama.