Hoho za Ukurasa wa Sitini na Nne

Jumamosi hiyo ya Agosti, kabla jua halijakolea, Bi Eulalie Narcisse alikata vichwa vya pilipili hoho nane, akachokoa mbegu kwa kidole gumba, kisha akazitumbukiza hoho kwenye maji yanayotokota kwa muda wa Salamu Maria tano. Zikipita tano zinalegea, zikipungua zinabaki ngumu kama soli ya kiatu. Alipomaliza ya tano akazitoa, akazilaza kifudifudi juu ya taulo zichuruzike maji. Vile vichwa hakuvitupa. Alivikatakata pamoja na kitunguu na seleri, maana kwake yeye mtu anayetupa kichwa cha hoho hakulelewa, aliokotwa.

Kwenye jiko la pili vichwa vya kamba na maganda yao vilikuwa vinachemka. Supu hiyo ndiyo aliyolowekea mkate wa juzi, halafu akaukamua kwa mikono miwili mpaka usidondoshe hata tone, akauchanganya na nyama ya kusaga, kamba waliokatwa vipande na vitunguu vilivyokaangwa bila haraka hadi vikawa rangi ya kahawia.

"Hapa kwenye mkate ndipo wanapoharibu," alisema.

Maneno hayo Verdelle, mtoto wa kaka yake, ameyasikia tangu ana miaka sita. Sasa anakaribia hamsini na anafundisha hesabu, na siku zote hujibu, "Ndiyo, Shangazi." Siku hiyo aliweka kitabu juu ya meza, kati ya chumvi na chenga za mkate.

Kilikuwa kitabu cha mapishi cha Klabu ya Bustani ya akina mama wa Sainte-Odile, chenye mgongo wa plastiki na maua kwenye jalada. Kilichapishwa ili zipatikane fedha za kuziba paa la maktaba. Hao akina mama wanakaa ng'ambo ya pili ya reli, upande wenye miti. Sisi tunakaa huku. Verdelle alifungua ukurasa wa sitini na nne, akamsogezea shangazi yake miwani.

*Pilipili Hoho za Kujaza za Bi Hortense Landreneau. Siri ya familia yetu kwa vizazi vitatu.*

Hapa lazima niseme jambo moja, na yeyote wa huku kwetu atakwambia hivyo hivyo. Bi Hortense Landreneau hajapata kuwasha oveni tangu azaliwe. Aliyepika katika nyumba ile miaka arobaini na mitatu ni Eulalie. Kabla yake alipika mama yake, na kabla ya mama alipika bibi yake. Kwa hiyo hivyo vizazi vitatu ni kweli kabisa, ila si vyao. Kwaresima iliyotangulia, wiki ya mwisho kabla Eulalie hajastaafu, Bi Hortense alikuja jikoni na daftari, akavuta kiti, akasema, "Hebu nielezee polepole, Eulalie, ibaki kumbukumbu ya nyumba." Naye alimweleza kila kitu, na alijisikia vizuri kuelezea.

Sasa alisoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

"Hawajaacha kitu," alisema. "Hata Salamu Maria tano wameziweka."

"Wameandika dakika tatu, Shangazi."

"Basi wameacha kitu."

Alivua miwani, akaifuta kwa aproni, ingawa haikuwa na uchafu. "Imeniuma," alisema. "Sitaki kitu chao. Nilitaka jina tu, hapo juu, waandike jina langu." Halafu akarudi kujaza hoho zake, kwa sababu zilikuwa zimeshakauka maji na hazingojei mtu.

Jumatatu alivaa kofia ya Misa na glavu nyeupe, akavuka reli, akagonga mlango wa mbele wa nyumba ya Landreneau. Kwa miaka arobaini na mitatu hakuwahi kuugonga.

"Eulalie! Mbona umezungukia mbele? Kule jikoni kuko wazi."

"Leo sijaja kupika, Bi Hortense. Nimekuja kwa habari ya ukurasa wa sitini na nne."

Bi Hortense alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka, tena kicheko cha upole. "Jamani, Eulalie! Wewe si mtu wa humu humu ndani? Jina letu si ndilo lako?"

"Langu ni Narcisse. Ninalitumia tangu nibatizwe."

"Haya, kimeshachapishwa, tutafanyaje? Kikichapishwa tena, tutaliweka. Nakuahidi." Akampa chupa ya jemu ya tini aende nayo. Jemu hiyo Eulalie alikuwa ameipika mwenyewe Julai ya mwaka uliotangulia, kwa hiyo aliitambua, akaipokea.

Jumapili, baada ya Misa, mke wa mfamasia, Bi Guidroz, alifungua kitabu kwenye ukurasa huo, akajaza hoho sita, akaziweka kwenye oveni. Saa sita na dakika ishirini mlango wa oveni ulisukumwa kutoka ndani. Hoho zilishuka moja moja, zikapita mlango wa wavu, zikashika barabara ya kanisa. Zilikwenda wima, hatua fupi fupi, kama mtu aliyebeba bakuli limejaa. Relini zilikuta treni ya mizigo inapita. Zilijipanga pembeni, zikasubiri mpaka behewa la mwisho, ndipo zikavuka. Mbwa wa Mzee Theophile alizinusa, akazipisha.

Mzee Theophile mwenyewe alikuwa barazani kwake, karibu na nyumba ya Eulalie, anakula tikiti maji. "We Eulalie!" aliita. "Una wageni!"

Verdelle alichungulia dirishani. "Ni hoho, Shangazi. Za ng'ambo."

"Ngapi?"

"Sita."

"Zimeiva?"

"Nusunusu."

"Zifute vumbi chini, uziingize."

Bi Eulalie alizipanga mezani, akainua chenga za juu kwa ncha ya uma, akaonja. "Mkate haukukamuliwa," alisema. "Na hivi vitunguu vimekaangwa mbio mbio. Huyu alikuwa kwenye simu." Hata hivyo hakuzitupa. Alizitilia supu kidogo ya kamba, akazimalizia kwenye oveni yake mwenyewe, na jioni tukala, yeye, Verdelle, Theophile na mimi. Zilikuwa tamu. Hazikufikia zake, lakini zilikuwa tamu.

Jumapili ya pili zilikuja kutoka nyumba saba. Zile za Baton Rouge zilifika Jumanne kwa basi. Dereva alisema hazikusumbua, zilikaa siti ya nyuma. Za mji wa Mobile, jimbo la Alabama, zilichukua siku tisa na zilifika zimekunjamana, na Bi Eulalie alizipokea kwa namna ya pekee, akaziweka kwenye sahani ya harusi yake. Kila iliyofika aliikagua. "Huyu anapenda chumvi." "Huyu amenyima kamba, tajiri huyu." "Hii, sawa, imepikwa na mtu anayejua, kashindwa na oveni tu." Verdelle alitoa mlango wa stoo, akaulaza juu ya mapipa mawili ukawa meza, na mtaa mzima ukawa unakula Jumapili kwa Bi Eulalie. Wazee waliofanya kazi kwenye majiko ya ng'ambo walikaa mbele.

Yeye hakuvua kofia ya Misa siku nzima. Alijidai, tena waziwazi, na sisi tulijidai naye.

"Eulalie," Theophile alimchokoza, "kichwa hicho kikizidi kuvimba utahitaji mlango mpana."

"Nitabomoa ukuta. Kwani ni wako?"

Mwezi wa Oktoba Bi Guidroz alikuja mwenyewe, na bakuli la kuokea tupu mkononi. Alisimama uani, karibu na ngazi ya nyuma, anatazama chini.

"Eulalie, samahani. Nina wageni leo, kaka yake mume wangu. Nimekuja kuchukua hoho zangu."

"Za nani?"

"Hizo sita pale. Zimetoka kwangu sasa hivi."

"Nimeona zilikotoka. Nakuuliza ni za nani. Sema, nikupe."

Bi Guidroz alizitazama hoho. Hoho zilikuwa zimegeuka upande wake. Aliangalia nyuma, barabarani, hakukuwa na mtu isipokuwa Theophile, ambaye ghafla alijishughulisha na kamba za viatu.

"Zako," alisema kwa sauti ya chini.

"Mimi nani?"

"Zako, Bi Narcisse."

Zile hoho zilipanda bakulini, moja baada ya nyingine, zikatulia. Bi Eulalie aliingia ndani, akarudi na kikombe cha supu, akamwagia juu. "Mkate ukamue kwa mikono miwili," alimwambia. "Mmoja hautoshi."

Tangu siku hiyo hoho za Bi Guidroz hazikutoka tena. Tunajua kwa nini, kwa sababu anayemfulia anakaa nyumba ya pili kutoka kwangu. Kila Jumapili, kabla ya kufunga oveni, Bi Guidroz alifunga madirisha, akainamia trei, akasema, "Hizi ni za Bi Eulalie Narcisse." Basi, ikawa hivyo tu. Haikuchukua hata muda wa Salamu Maria moja. Kufikia Krismasi ng'ambo yote ilijua dawa ni hiyo, na wachache waliitumia, madirisha yakiwa yamefungwa. Waliobaki walikula viazi.

Masika paa la maktaba lilivuja tena, na klabu ikaketi kujadili kuchapisha kitabu mara ya pili. Suala la ukurasa wa sitini na nne lililetwa. Bi Hortense alisema ni kweli kuna usumbufu na lazima lifanyike jambo. Walizungumza saa nzima, wakanywa chai, wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Bi Guidroz alinyoosha pamoja na wenzake.

Kitabu kilitoka Mei. Verdelle alikinunua, akakileta bila kukifungua, akakiweka palepale, kati ya chumvi na chenga za mkate. Bi Eulalie alinawa mikono, akaikausha, akavaa miwani, akafungua mwenyewe.

*Pilipili Hoho za Kujaza za Bi Hortense Landreneau. Siri ya familia yetu kwa vizazi vitatu.* Kila kitu kilikuwa vilevile, hadi dakika tatu. Kilichoongezwa kilikuwa chini kabisa, kwa herufi za mlazo: *Fahamu: kabla ya kuoka, fungia kila hoho kwenye trei kwa waya. Zungusha mara mbili.*

Verdelle alilia, mwalimu mzima, machozi yakadondokea seleri. "Waya, Shangazi! Jina lako ni maneno mawili. Mawili tu! Wameona afadhali waya."

Bi Eulalie alisoma mara ya pili, mpaka mwisho. Tulimngoja. Mimi nilidhani atakaa chini.

"Mtu hafungi waya kitu chake," alisema. Alifunga kitabu, akakiweka kabatini karibu na kile cha kwanza, migongo yote miwili ikitazama nje. "Futa machozi, unanizidishia chumvi. Kisha nenda kwa Theophile ukaniazimie koleo."

Jumapili hiyo hoho zilichelewa. Saa nane mchana ndipo tulipozisikia, kabla hatujaziona, waya ukikwaruza reli. Nyingine zilikuja zinaburuta waya mrefu, nyingine zilikuja na trei yenyewe, nne nne, zikisaidiana kwenye mawe. Bi Eulalie alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mbele, kofia kichwani, glavu mkononi, koleo mapajani. Alizikata waya moja moja. "Karibu. Karibu ndani. Na wewe umetoka kwa nani mbona umeungua hivyo? Pole. Karibu."

Za mwisho zilikuwa nane, zimefungwa kwa waya mwembamba mzuri, zikiwa kwenye trei yenye herufi L. Trei hiyo Bi Eulalie aliisugua miaka arobaini na mitatu. Alikata waya, akainua chenga za juu, akaonja. Alionja tena. Alichukua muda mrefu kuliko alivyochukua kwa nyingine zote.

"Nani anapika pale siku hizi?" aliuliza.

"Yule binti wa Prejean," alisema Verdelle. "Wa hapa hapa mtaani kwetu. Ameanza baada ya Pasaka."

"Amekamua kwa mikono miwili," alisema Bi Eulalie. "Ana mkono, huyu." Alivua glavu, akapangusa macho kwa hizo glavu, bila kujificha, akaamuru hizo nane ziwekwe katikati ya meza, na Jumapili ijayo huyo binti aitwe aje akae mbele na wazee, na atajwe jina lake kwa sauti wakati wa kusali.

Waya wote tunaufungia nyanya, na zimezaa vizuri. Mwaka jana kitabu kilitoka mara ya tatu. Ukurasa wa sitini na nne una jina lilelile, na sasa wanashauri waya uwe mnene zaidi. Bi Eulalie amenunua koleo lake mwenyewe, kubwa, na ameniomba nimwandikie jina kwenye mpini.