Mita Moja Iliyopungua

Stima ikipotea mtaani kwetu Umoja, kila mtu hulalamika isipokuwa mimi. Kinyozi analalamika, wa chipsi analalamika, mimi naacha sufuria jikoni na kumkimbilia mtoto wangu kabla haijarudi. Tiffany ana miaka mitano. Anasikia kwa vifaa viwili vya masikioni, vinavyopokea sauti yangu kutoka kwa kimaiki ninachovaa shingoni. Stima ikiwa haipo, nasema "Tiff" na anageuka. Ikirudi, vifaa vinaanza kuvuma, anavichomoa na kuvitupa kitandani, na mimi nabaki nikiongea na kisogo chake.

Kinachovivumisha ni mawimbi ya umeme kutoka ATM ya maziwa ya jirani yetu Shirleen, mashine ya kuuzia maziwa iliyo ng'ambo ya kichochoro, inayotazamana na chumba chetu cha mbele. Kabla haijaletwa, Tiffany alikuwa na maneno mengi, na alilolipenda kuliko yote ni "Guka", alivyomwita baba yangu kutwa nzima hadi mzee akajifanya amechoka. Sasa maneno yanampotea moja moja. Mwalimu wake wa matamshi aliniambia bila kuzungusha: asiposikia nyumbani, ataacha kujaribu kusema, na kumrudisha itakuwa kazi. Nimemhamishia vyumba vya nyuma, hadi bafuni. Nyumba nzima ni uvumi uleule.

Ningependa kumchukia Shirleen, ingenipunguzia mzigo. Lakini ni mtu mzuri, na hilo ndilo linaloniudhi.

"Mama Tiffany, mimi ningeizima hata saa hii," aliniambia. "Lakini maziwa yote itaharibika. Na hawa wenye mashine wakiona imezimwa, wanakuja kuibeba. Nitakula nini na watoto?"

Wenye mashine ni kampuni iliyomkodishia. Niliwapigia simu mpaka wakaijua sauti yangu kabla sijataja jina. Mwishowe walikubali jambo moja: ipimwe, na ikipatikana inatoa mawimbi kupita kiwango, watabadilisha na kuleta nyingine. Wakamtuma Mutisya, kijana mpole wa maabara ya kupima vifaa vya umeme, akiwa na antena ya vijiti virefu na vifupi kama mifupa ya samaki.

Alivuta futi yake ya kupimia kutoka ukingo wa mashine, akihesabu na waya wake wa umeme, kuja upande wetu. Ikagonga ukuta. Akatikisa kichwa.

"Inatakiwa mita tatu, Mama Tiffany. Kutoka ukingo wa mashine hadi hii alama iliyo katikati ya antena. Hapa hakuna mita tatu."

"Si upime tu hapo karibu?"

"Nikikaribia, namba inapanda. Mashine yoyote ukiisogelea sana inaonekana mbaya. Kampuni itasema nimewaonea, na watakuwa na haki."

Nilimwonyesha pembeni. Huko kuna ngazi za chuma na mabati ya jirani, na chuma, alisema, kinarudisha mawimbi na kuharibu kipimo. Akaanza kufungasha. Nilitaka kumnyang'anya hiyo antena nimpige nayo.

Baba yangu, Mzee Bedan, alikuwa ameketi kwenye kreti ya soda muda huo wote.

"Inapungua ngapi?" akauliza.

"Kama mita moja hivi, mzee. Ni huu ukuta tu."

Huo ukuta ni wake. Nyumba hizi zilikuwa na kiwanja kidogo mbele, na kila mtu akakisogelea, nasi tukasogea. Baba alijenga chumba hicho kwa mikono yake alipostaafu, akakisukuma mpaka kichochoro kikabaki cha kupitisha mkokoteni. Hakuna mgeni aliyewahi kunywa chai kwetu bila kuonyeshwa. "Hapa palikuwa nyasi," angesema, akipiga ukuta kofi. Ndimo mimi na Tiffany tunamolala.

"Rudi Jumamosi," Baba alimwambia Mutisya.

Nilielewa, nikamsihi asiuguse ukuta wake. Alichukua nyundo na tindo, akaubomoa ukuta wa mbele jiwe baada ya jiwe, akiyapanga vizuri kando kwa sababu hajui kutupa kitu. Tiffany alikaa karibu akimtazama, hashtuki hata nyundo ikitua. Nami, Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilishaiona mashine mpya. Nilishapanga maneno nitakayoanza kumfundisha upya, la kwanza likiwa Guka.

Jumamosi Mutisya alikuta chumba kiko wazi mpaka kitandani. Alitaka kucheka, akamwona Baba, akaacha. Tukasogeza kitanda, akaisimamisha antena palepale kilipokuwa. Futi ikavuka kichochoro ikafika kwenye alama. Alimwomba Shirleen aendelee kuuza, maana mashine inapimwa ikiwa kazini. Wateja walipokea maziwa yao wakitukodolea macho kama vile tunauza vitanda. Antena ikapanda, ikashuka. Alikawia sana kwenye kompyuta yake.

"Iko sawa," akasema.

"Sawa vipi?"

"Iko chini ya kiwango. Kwa kidogo, lakini iko chini."

"Mtoto hasikii, Mutisya. Unaniambiaje iko sawa?"

"Kiwango kiliwekwa kulinda redio na televisheni ya jirani. Vifaa vyake ni vidogo sana, vinasumbuliwa hata na kile kinachoruhusiwa." Hakunitazama. "Na hiyo mita tatu, dadangu, ni ya watu walio na nafasi."

Nilimwomba aisogeze antena karibu na mashine, kidogo tu. Nilimwomba wazi, mbele ya baba yangu, nikamuuliza nani angejua.

"Kampuni watapima tena," alisema taratibu. "Watajua."

Alikunja miguu ya antena na kumuaga Baba kwa mikono miwili. Shirleen alikuwa amesimama mlangoni pake na jagi mkononi, machozi yakimtoka, na mteja nyuma yake akiuliza kama maziwa yapo. Yalikuwepo. Sikuwa na wa kumgombeza.

Jioni hiyohiyo Baba alikoroga simenti na kuanza kuujenga ukuta upya, palepale ulipokuwa, kwani tungelala wapi. Tiffany alijiketia kwenye rundo la mawe, amempa mgongo, anapanga vikokoto. Vifaa vyake vilikuwa kitandani.

"Tiff," Baba aliita. "Tiff, ni Guka."

Vikokoto viliendelea kupangwa.

"Baba," nikamwambia, "hakusikii."

"Najua," akasema. Akapaka simenti jiwe lingine, akaliweka, kisha akamwita tena.