Kikombe cha Pili

Kapteni hakuwahi kuwa kapteni wa chochote. Alikuwa karani mstaafu anayejenga ndege bandani nyuma ya nyumba. Jina alipewa na majirani kwa utani, naye akalipokea kama cheo. Fundi hasa alikuwa mkewe, aliyefunga mabomba ya maji kwenye nyumba za watu miaka ishirini. Wageni wakija kushangaa ndege, Kapteni huwaambia, "Ukiona vyaelea, vimeundwa," asiseme vimeundwa na nani.

Mke hakutaka sifa. Alitaka kiti cha upande wa kulia chenye pedali zake za breki, ili siku moja na yeye aiendeshe. Ahadi hiyo ndiyo iliyomfanya apoteze Jumamosi zake zote kwa miaka saba.

Breki alizipanga mwenyewe. Mafuta ya breki yatoke kwenye kikombe kimoja cha kuyahifadhia, kilichofungwa juu, yapite pampu za pedali zake, kisha pampu za mumewe, ndipo yashuke magurudumuni. Yeyote atakayekanyaga, ndege itasimama.

"Yaani mafuta yangu yapitie kwako kwanza?" Kapteni aliuliza.

"Yanapita tu, baba. Hayaombi ruhusa."

"Fahali wawili hawakai zizi moja. Nifungie kikombe changu upande wangu."

"Ukiweka cha pili hapo, mimi nikikanyaga, mafuta yatapanda kwenye kikombe chako. Magurudumu hayatayaona."

"Hayo ni mambo ya vyoo, mke wangu. Hii ni ndege."

Neno hilo lilimchoma mke, akaenda zake kazini. Aliporudi alikuta kikombe cha pili kimeshafungwa.

"Nimezijaribu pedali zako mimi mwenyewe," Kapteni alisema. "Zinashika vizuri kabisa." Naye akaamini, maana mtu hamkagui mumewe kama bomba.

Siku ya kuitembeza ndege uwanjani, wao wawili wakiwa vitini, majirani walijaa kwenye uzio. Kapteni, kichwa kimeshavimba kwa vigelegele, akatoa miguu kwenye pedali, akajiinua kuwapungia mikono. "Shika wewe, mama watoto!"

Akashika. Uzio ulipokaribia, akakanyaga. Pedali zilizama kama zimekanyagwa kwenye tope, na mafuta yakafurika kutoka kikombe cha pili yakamlowesha Kapteni magoti. Kabla hajarudisha miguu, bawa la kulia lilipiga nguzo likakunjika.

Hakuna aliyeumia. "Wanawake na pedali!" Kapteni aliwapigia kelele watu, nao wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Mke alirudi bandani, akafungua mchoro wa breki ili amwonyeshe kosa lake. Pembeni, kikombe cha pili kilipoongezwa kwa penseli, palikuwa na mwandiko wa mumewe: *Breki za abiria hazitashika. Si neno.*

"Ulijua?"

Kapteni alikuwa anafuta magoti. "Nani alikwambia utaendesha wewe? Pedali nilikuwekea ufurahi."

Miaka saba, kumbe alikuwa anajengewa kitu cha kuchezea. Akaanza kukusanya spana zake, moja moja, kwenye sanduku.

Majirani wakaingia kutazama bawa. Mmoja akainama chini ya pedali, akauliza breki hizi mbovu ziliundwa na nani.

"Mke wangu," Kapteni akajibu upesi. "Zote, mwanzo mpaka mwisho, ni kazi ya mikono yake."