Siku Sabini za Eda

Mwanahija alikuwa na miaka tisa, kwao Saadani, chungu cha maji ya chumvi yaliyokuwa yakichemka kilipopinduka na kumwagikia mguu wake wa kushoto. Alipona, likabaki kovu. Miaka arobaini baadaye, mwaka 1953, kovu hilo lilifumuka kwenye muundi na kidonda kikakataa kufunga. Wakati huo alikuwa Kaole, ndani ya eda ya marehemu mumewe Mwinyijuma.

Msabaha, mtoto wa dada yake, alikuwa mfunga vidonda wa zahanati. Alimwamkia, akakaa mkekani, akafungua kitambaa. Kingo za kidonda zilikuwa ngumu na zimeinuka, na nyama ya katikati ilitoka damu ilipoguswa.

"Usikunje pua, mwanangu," alisema Mwanahija. "Papa naye ananuka, na unamla."

Msabaha hakucheka. Alimweleza kwamba kovu la kuungua likikaa miaka mingi, ngozi yake huweza kugeuka. Hiki hakikuwa kidonda kichafu cha kusafishwa. Kilikuwa saratani, na ndiyo sababu majani na unga wa dawa havikufua dafu. Kwa sasa ilikuwa juu juu. Ikikatwa Dar es Salaam wiki hii, kitaondoka kipande cha ngozi. Ikizama mfupani, utaondoka mguu. Ikivuka tezi za kinena, hakutakuwa na cha kukata.

Eda ilikuwa imebakiza siku sabini.

Shemeji yake Sharifu, aliyesomesha Kurani, alikwisha kumwambia kupitia mkewe kwamba sheria inamruhusu mgonjwa kutoka.

"Nimesikia, mama mdogo umeruhusiwa," alisema Msabaha.

"Nimeruhusiwa. Lakini siku hizi zikiisha, mimi si mke wa mtu tena. Niache nizimalize."

Akazimaliza. Kila usiku alilala upande wake wa kitanda, upande wa kushoto, na ule mwingine akautandikia kanzu ya Mwinyijuma ambayo haikufuliwa. Mwanzoni harufu yake ilimfikia bila kuitafuta. Mwenye eda hajifukizi udi, basi kidonda kikajaza chumba. Siku ya arobaini ya hizo sabini ilimbidi azamishe uso kwenye ukosi wa kanzu ili ampate. Siku ya sitini alizamisha uso, akakuta kidonda tu. Alibaki hapo hapo hadi alfajiri, akivuta pumzi polepole, pengine harufu ya mumewe imebaki kidogo kwenye mshono.

Eda ilipoisha alioga, akabadili nguo, akapanda basi la Dar es Salaam pamoja na Msabaha. Daktari alibonyeza kinena, akasema tezi bado ni salama. Mfupa ulikwisha kuliwa. Mguu ungekatwa juu ya goti.

Mwanahija hakulia. Aliuliza kama ni kweli kiungo cha Mwislamu huzikwa. Msabaha akasema ni kweli.

"Basi ukauzike Kaole, kwa Mwinyijuma. Kushoto kwake."

Kesho yake Msabaha aliuvingirisha mguu kwa bafta nyeupe na kuurudisha Kaole. Alichimba kando ya kaburi, upande ule aliotajiwa, shimo jembamba, na akaacha nafasi ya kumtosha mtu mzima.