Neno la Wifi na Cherehani Yangu

Wifi yangu, mke wa kaka, hafundishi Kiingereza kwa ubao tu. Akipata neno jipya la darasa lake, kwanza hulibandika nyumbani kwa karatasi na gundi, aone linashika wapi. Alihamia kwangu mama alipofariki ili nisikae peke yangu, na tangu hapo sina kikombe kisicho na Kiingereza.

Wiki hiyo neno lilikuwa “gloomy”, yaani kiza na majonzi. Alianza na dirisha, maana mbingu ilikuwa imenuna kwa mawingu. Akaja redioni, baada ya taarifa ya habari kutuambia bei zitapanda tena. Kisha pazia zito la chumba cha kushonea, ambalo nilikuwa sijalifungua tangu msiba. Mwisho akalibandika kwenye cherehani, iliyolala chini ya shuka.

Hapo ndipo aliponigusa. Gauni la harusi ya binti wa jirani lilikuwa bado kitambaa, na harusi ni Jumamosi. Sisi mafundi tumezoea kusema “njoo kesho”, lakini kesho zangu zilikuwa zimekwisha. Mama wa bibi harusi alishatuma salamu: jioni ile angekuja kukichukua, ampelekee fundi mwingine. Nami, nisifiche, nilitaka akichukue. Marehemu mama ndiye aliyenifundisha kushona, na kila nikishika mkasi mkono ulikuwa mzito.

Nikangoja karatasi inayofuata inipate usoni. Jibu nilikuwa nalo tayari, tena la pilipili. Wifi akanipita na gundi yake, akaenda kuvaa viatu vya kazini. Nikamuuliza mbona mimi nimerukwa.

“Nilitaka kukubandika,” akasema. “Lakini asubuhi umeniambia viatu vyangu vinalia kama bata mwenye njaa. Neno hili halishiki kwa mtu anayenitania hivyo, wifi.”

Nilicheka, kisha nikalia, kisha nikacheka tena. Alipoondoka nikafungua pazia, karatasi ikachanika. Nikafunua cherehani.

Mama wa bibi harusi alipobisha hodi, alikuta gauni limeshakatwa na mikono imeungwa. Akakaa, akanishikia upindo. Hakuulizia tena kitambaa.

Wifi aliporudi alisimama mlangoni akiusikiliza mlio wa cherehani. Sikuinua kichwa, machozi yalikuwa karibu.

“Asante, wifi,” nikamwambia. “Mungu akuzidishie. Sasa vua hao bata wako, nisikie ninachoshona.”